Bundi wa Athene alale garini

Al Khuwair, Jumanne, Novemba 1998

Nimesema! Mbele ya darasa zima, na sauti haikukatika.

Jana Bibi alipouona mchoro wangu wa kuelezea darasani, wa sarafu ya kale ya fedha ya Athene yenye bundi, alipiga kelele: "Mtoe bundi huyo! Wataka kutuletea msiba?" Ikabidi mchoro ulale garini mwa Baba. Nikaogopa kwamba na darasani watasema vivyo hivyo.

Wakasema mengine. Nilipoufungua tu, Salma akanicheka: "Bundi kamchora bundi mwenziwe!" Kwa ajili ya miwani yangu. Nilitaka kurudi kitini. Lakini nikawaambia kwamba Waathene walimpenda ndege huyu, na fedha yao ilikuwa safi mno, hata wafanyabiashara wa mbali wakaipokea kwa kumwona yeye tu. Hata kusini mwa Arabuni, watu walimwiga kwenye sarafu zao wenyewe.

Mwalimu akaubandika mchoro ukutani.

Niliporudi, Bibi akauliza, "Yuko wapi bundi wako?"

"Kabaki skuli, Bibi."

"Alhamdulillahi. Na wewe ulisema?"

"Nimesema."

Sasa namsikia sebuleni akizungumza na shangazi kwenye simu: "Mjukuu wangu leo kawasomesha wenziwe!" Kawasomesha nini, hasemi.