Damu ya Buibui, Damu ya Opio

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imepita, ikaacha joto la kunata. Siwezi kuketi. Nimechemsha chai mara mbili na sijainywa.

Niandike yaliyotokea.

Asubuhi nilikwenda mtaa wa Namuwongo na Opio, fundi wa maabara yangu, kukamata buibui. Kando ya reli, nyuma ya kibanda cha Mama Furaha, Mkongomani anayeuza samaki wakavu, nzi ni wengi na buibui wananenepa. Mama Furaha alimtania Opio kwamba mwanamume anayewinda vitu vidogo namna hii asitegemee kuongeza mke. Tulicheka. Leo asubuhi tulikuwa bado tunacheka.

Kazi yetu yenyewe si siri. Damu ya buibui ina rangi ya samawati hafifu, na ndani yake mna protini zinazokamata sukari. Ukiichanganya na damu ya mtu, protini hizo hushika sukari iliyo juu ya chembe nyekundu, na chembe zinashikana mabonge. Ukiongeza sukari inayofaa, protini huigeukia hiyo na kuziachia chembe. Sisi tunajaribu sukari ya maziwa, unga mweupe niliopewa na rafiki hospitalini. Damu ni ya Opio, ambaye hujichoma kidole bila kulalamika.

Unga huo ulikuwa bado mkobani mwangu, katika mji ambao sukari haijaonekana madukani tangu wanajeshi wanaotawala wawafukuze nchini wenye maduka.

Kwenye kizuizi cha barabarani, chini ya kilima cha Mbuya chenye kambi ya jeshi, askari aliufungua mkoba, akaulamba unga, akakunja uso.

"Sukari gani hii haina tamu?"

Mwenzake akasema labda ndiyo maana mama huyu ana uso mchungu.

Mtu mwenye busara angesema ni dawa ya tumbo. Mimi nimebishana na maprofesa, na maaskofu, na wahariri mpaka wakaacha kuchapa makala zangu. Nikaeleza yote, kwa fahari, kana kwamba niko mbele ya darasa: tunatoa damu ya buibui, tunaichanganya na damu ya binadamu.

Kicheko kikakatika.

"Damu ya nani?"

Katika nchi hii, mtu mwenye bunduki ananiuliza mimi damu ya nani. Jibu lilinijia, refu na kali. Lilikuwa limefika kwenye meno Opio alipoinua kidole chake chenye plasta.

"Yangu, afande."

Hapo ndipo walipomtazama vizuri. Wakadai kitambulisho, wakasoma jina lake la kaskazini, kwao rais aliyepinduliwa, wakanong'onezana. Buibui nilirudishiwa. Unga wakabaki nao, na kitambulisho pia.

"Wewe nakuja kesho kwa kambi, nachukua kitambulisho yako," akaambiwa, kwa upole kabisa.

Sote tunawajua watu walioambiwa hivyo kwa upole.

Asipokwenda, hatavuka kizuizi chochote bila kitambulisho. Akienda, huenda asirudi. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kwa kusema kweli mahali pasipotaka kweli.

Njiani hakunilaumu. Heri angenitukana. Aliposhuka garini Bukoto kwenda kwa mkewe alisema tu, "Mwalimu, wale buibui uwape maji."

Nimewapa. Kisha nikafungua jokofu la maabara, nikaitazama chupa ndogo ya damu yake, nikafunga.

Kesho nitatangulia kambini mimi, kabla yake, nikaombe kitambulisho. Sitaeleza kitu. Nitasema, "Nimekosa, afande," na nitainamisha kichwa.

Tangu jioni nayarudia mbele ya kioo. Ni maneno mawili tu, na bado yanatoka kama matusi.