Kwako Uliyebaki Juu ya Mchikichi

Mpendwa Papa Neema,

Nakuandikia nikiwa jikoni, mlango nimeuacha wazi ili nimwone. Amekaa uani kwenye kiti chako, amevaa shati lako la bluu, mikono yako ameiweka juu ya magoti. Nimemwambia akae pale mpaka nimalize kupika, na atakaa. Jua likimfikia hatahama. Usichokijua kwenye mwili ule ni kovu moja tu, lile la juu ya jicho la kushoto. Mengine yote ni yako. Watu wakipita njiani wanamsalimia kwa jina lako, naye anaitikia kwa Kirundi, amahoro, amahoro. Wanaendelea na safari zao wakimshukuru Mungu kwamba ulipona.

Mimi namwogopa. Nimekaa na neno hili kifuani miezi mingi, na hakuna mtu ninayeweza kumwambia isipokuwa wewe. Kwa hiyo humu ndani, nikisema "wewe", ni yule aliyepanda mchikichi asubuhi ile. Nikisema "yeye", ni huyu aliyeko uani.

Nakumbuka tulivyogombania hata jina la mti wenyewe. Mimi nilirudi na wazazi wangu kutoka Tanzania, nimekulia kambini, nikasema mchikichi. Wewe ulivuka ziwa ukiwa kijana, ukitoka upande wa Fizi, Kongo, ukasema ngazi. "Sasa hii Kiswahili yako ya kitabu, utaipandia ngazi nayo?" uliniuliza nje ya kanisa, siku ya kwanza kuzungumza nami, na kwaya nzima ikacheka. Ulikuwa unaimba sauti ya nne, vibaya sana, kwa nguvu sana. Ulilia kwenye harusi za watu usiowajua. Neema alipozaliwa ulilia hata muuguzi akakuletea kiti, akanigeukia mimi niliyekuwa nimetoka kuzaa, akaniuliza, "Huyu baba anaumwa?"

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika muda mfupi. Nilikuambia shina bado linateleza, subiri mchana. Ulikuwa umeshika kamba yako ya kupandia begani.

"Ngazi ikiiva haingojake muntu, Mama Neema," ulisema, ukamtekenya mtoto, ukatoka.

Walikuja kuniita shuleni katikati ya somo, wakasema umeanguka. Wanaume wa shamba la jirani walikuwa wameshakubeba hadi barabarani, na gari lililokuwa linatoka Nyanza-Lac likakuchukua moja kwa moja hadi Bujumbura. Nilikukuta umefungwa kichwa chote. Mimi na dada yako Feza tulilala chini ya kitanda chako, zamu kwa zamu, tukiomba kitu kimoja tu: afungue macho.

Akafungua macho. Daktari akamuuliza jina lake, akamuuliza uko wapi, huu ni mwezi gani. Akamwambia ahesabu kurudi nyuma. Akajibu yote bila kukosea. "Madame, akili yake iko sawa," daktari aliniambia. "Tumushukuru Mungu." Feza na mimi tulicheza ukumbini mbele ya wagonjwa.

Nilipaswa kuuliza zaidi. Unajua kazi yangu, kila mwaka nasimama mbele ya vijana wanaojiandaa kuwa walimu, nawafundisha saikolojia ya mwanzo. Akili ni sura moja tu ya kitabu. Baada yake kuna motisha, halafu hisia, halafu haiba. Ulikuwa unanitania kwamba nalipwa kueleza mambo ambayo bibi yako aliyajua bila kwenda shule. Lakini siku ile nilisikia neno "akili", nikaona nimerudishiwa mtu mzima.

Tulipofika nyumbani Neema alikimbia kumlaki. Alikuwa amekusanya maua ya njiani. Yeye alimtazama kama mtu anavyotazama basi lisiloelekea kwake. Hakumsukuma, hakumkaripia. Alipita, akaketi. Neema akabaki na maua mkononi, akaniangalia, akacheka kidogo kana kwamba baba anacheza. Hapo ndipo kitu cha baridi kilipoanza kunipanda mgongoni, na hakijashuka hadi leo.

Nilisema ni uchovu. Nikasema ni dawa. Lakini siku zikapita, na mvua ikamkuta uani, hakuingia ndani. Chakula kilikuwa kabatini, tumbo lake linanguruma nalisikia, na hakunyanyuka. Nikimwambia, "Kula," anakula vizuri na sahani anaimaliza. Darasani nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba njaa humsukuma mtu kutafuta chakula, na kiu maji, na upendo humsukuma mtu kuelekea kwa wenzake. Wewe ulikuwa mfano wangu, ingawa sikukutaja jina. Niliwaambia wanafunzi kuna watu huamka kabla ya kuitwa. Sasa niko na mtu ambaye njaa inampigia hodi na ndani hakuna wa kufungua.

Mama yako alifariki mwaka huohuo. Nashukuru kwamba wewe hukuona mazishi yake. Yeye alisimama kaburini, macho makavu, na wakati Feza amepiga magoti kwenye udongo akilia, aliinama akamuuliza, "Tunarudi saa ngapi?"

Usiku wa matanga Feza alinishika mkono, akasema, "Huyu walimuroga, wifi. Huyu si ndugu yangu." Nilitamani awe amesema kweli. Kilichorogwa kinaweza kurogolewa.

Na kuna hasira. Haiji mara kwa mara, wala haitanguliwi na kitu. Siku moja nilimwandalia bugali na ndagala, dagaa zetu za ziwani, kama ulivyozipenda, na nyanya nyingi. Alichukua sahani akaipiga ukutani, kipande kikanichana shavu. Neema alijificha chini ya meza. Nilibaki nimesimama, damu inanitiririka, nikisubiri kitakachofuata. Kilichofuata ni kwamba aliketi, uso umetulia kabisa, akaniuliza kama chakula kipo. Ningejua namna ya kumwogopa mtu mwenye hasira, nimewaona wengi. Huyu hasira ilimpita kama gari, vumbi likatua, na hakujua kwamba barabara ni yeye.

Sasa nikuambie kuhusu ziwa, maana ndiyo sababu ya barua hii.

Maji yamepanda tangu ulipoondoka. Pale tulipokuwa tunaanika ndagala na jirani yetu Mama Zawadi sasa ni matete na matope, na viboko wanakuja karibu kuliko zamani. Siku hiyo, alasiri, nilikuwa nyuma ya nyumba nafua. Neema alimwambia baba yake, "Papa, twende ziwani." Na yeye huenda anapoambiwa twende. Nilizunguka kuja uani kuanika nguo, nikakuta kiti kitupu.

Nimewahi kubishana na wanafunzi juu ya hili: je, mtu huogopa kwanza ndipo akakimbia, au mwili hukimbia kwanza ndipo mtu akajua kwamba anaogopa? Nilikuwa nimeshavuka barabara, bila viatu, nguo mbichi bado iko mkononi, kabla sijafikiria neno "ziwa".

Nilimsikia Mama Zawadi kabla sijamwona. "Kiboko! Mutoto, toka mu maji! Toka!" Alikuwa anakimbia na ndoo yake, anaipiga kwa fimbo. Neema alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, ananawa mikono, amegeukia pwani, na nyuma yake, karibu na matete, kichwa kilikuwa kimeibuka. Masikio yake yanatikisika. Mama Zawadi aliingia na nguo zake zote, akamkamata mtoto kwa gauni, akamburuta hadi mchangani. Kichwa kile kikazama. Maji yakafunga juu yake.

Baba yake alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alikuwa karibu na Neema kuliko Mama Zawadi.

Nilimfuata huku nimembeba mtoto anayetetemeka.

"Papa Neema, ulimwona kiboko?"

"Nilimuona."

"Ulimwona lini?"

"Kitambo. Alikuwa kule, akakuja huku."

"Na Neema ulimwona?"

"Nilimuona. Alikuwa anaenda mbele."

"Basi kwa nini hukumwita?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kwa makini, kama mtu mwema anayetaka kujibu sawasawa. Kisha akasema, "Hakuna muntu aliniambia."

Mama Zawadi alifunika mdomo kwa kitenge. Neema aliacha kulia. Nilimwona mwanao akimtazama baba yake na kuelewa jambo ambalo mtoto wa miaka sita hapaswi kulielewa.

Kesho yake nilimpeleka Neema Kabezi kwa mama yangu. Mama aliniambia nibaki na mimi hukohuko. "Utakufa ndani ya nyumba ile," alisema, "halafu atakaa mlangoni akutazame." Ni picha ileile ninayoiona nikifumba macho. Nilirudi Rumonge. Mchungaji anasema ni agano. Majirani wanasema ni upendo. Mimi nadhani nilirudi kwa sababu nilipofika kituo cha mabasi nilikumbuka kwamba hakuna aliyemwambia anywe maji tangu nilipoondoka.

Nilimrudisha kwa daktari. Safari hii nikauliza. Akaniambia kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo iliyoumia, ile inayomwanzisha mtu na inayomzuia. Kumbukumbu zipo, hesabu zipo. "Inaweza kurudi kidogo, Madame. Inaweza isirudi. Umuzoeze, umwambie kila kitu." Nikamuuliza kama yule wa zamani yuko mahali humo ndani, anagonga. Aliangalia karatasi zake.

Wiki hiyohiyo tulifika sura ya haiba. Niliwaeleza wanafunzi kwamba ni namna ya mtu ya kuwa, ile inayodumu, ambayo kwayo tunamtambua leo na kesho kuwa ni yuleyule. Msichana wa mbele, mpole, hajui habari zangu, akanyoosha mkono. "Madame, na kama inabadilika yote? Ule muntu anakuwa amekufa, ao anakuwa mwingine?" Nilishika chaki. Nilisema tutaendelea kipindi kijacho, nikatoka, nikasimama nyuma ya darasa nimeegemea ukuta.

Tunaishi hivi sasa. Feza amehamia hapa. Panga lako na visu vyote viko kwa Mama Zawadi. Neema anakuja baada ya ibada Jumapili, na hatukai chumba kimoja na baba yake bila Feza kuwepo. Anapompa mkono namwambia baba, "Mshike," naye anamshika. Kwenye simu mtoto huniuliza, "Papa ameniulizia?" Namjibu, "Mimi ninakuulizia kila siku, mama." Kisha ananiambia habari za shule. Amekuwa mtoto wa kupima maneno. Hilo nalo linanitisha.

Asubuhi namwambia baba yake amka. Namwambia oga, vaa, kunywa, njoo kivulini. Anatii kila kitu, bila kunung'unika. Kuna wanawake watakaosema ni bahati. Mimi naogopa atakachofanya bila kuambiwa, halafu naogopa kwamba hatafanya kitu. Siku hizi naogopa jambo la tatu: sauti yake ni sauti yako, na kila anaposema inaifunika ile ya zamani. Juzi nilitaka kukumbuka ulivyokuwa ukicheka, nikakumbuka tu kwamba ulicheka.

Hatukukufanyia matanga. Utamlilia vipi mtu ambaye sahani yake unaiosha kila jioni? Lakini nimechoka kukungoja mlangoni mwa mtu mwingine. Kwa hiyo nakuaga leo, mpenzi wangu, kwa karatasi hii, mchana kweupe. Ulikuwa mume mwema. Ulimpenda mwanao kwa sauti. Nenda na amani, murakoze, asante kwa yote, na kama kuna mahali unapotuona, usituonee aibu.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia hata Feza. Jana alasiri tulikuwa wawili sebuleni. Nikamwambia, "Papa Neema, simama." Akasimama. "Njoo hapa." Akaja. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Nikumbatie."

Akanizungushia mikono. Ilikuwa mikono yako, uzito uleule, kidevu kikatua juu ya kichwa changu palepale kilipokuwa kikitua. Moyo wake ulipiga taratibu kama wa mtu aliyelala. Wangu ulikuwa unakimbia. Maharage yakaanza kuungua jikoni, Feza akaniita kutoka nje, mara moja, mara mbili. Nilijua atanishika hivyo mpaka nimwambie aniachie. Nilifumba macho, nikaogopa kufungua kinywa.

Mkeo,
Mama Neema