Kuhusu Duara Zako za Uwanja wa Gwaride

Mke wangu mpendwa, Mama Daudi,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka nyumba yetu ya Munyaka, mkono ukiwa mzito. Najua mstari huo ungekuchekesha. "Kwani mimi ni D.O. wa serikali?" Ndivyo ulivyoniambia hata siku nilipokuposa kwa barua. Lakini sikuingia shule ya upili. Lugha hii niliijenga mwenyewe kwa kuwaandikia watu barua zao za maombi, na sina nyingine ya kukulilia.

Jambo linalonileta mbele yako ni zile duara zako.

Tulizichora pamoja kwenye uwanja wa gwaride ulipoanza kufundisha kemia pale shuleni. Ulifungua kamba ya kuanikia nguo, ukanisimamisha katikati nikishika ncha moja, nawe ukazunguka na brashi na rangi nyeupe. "Hapo ulipo ni kiini cha atomu. Usisonge! Ukisonga, watoto wangu watafundishwa duara iliyopinda." Sikusonga, ingawa mvua ya Eldoret ilianza kunyesha na wewe ukakataa katakata kuacha duara ya tatu.

Baadaye, nilipokuwa nikikungoja langoni, niliona kazi yazo. Wasichana wawili duara ya ndani, wanane ya pili, na mmoja peke yake ya nje: sodiamu. Kando yao ulipanga klorini, ambayo duara yake ya nje ilikuwa na wasichana saba na nafasi moja tupu. Kisha ulimpigia kelele yule wa peke yake: "Nenda, mwanangu, unangojwa!" Naye alitimua mbio, wenzake wakampokea kwa vigelegele. Jioni ulinieleza kwamba sodiamu ikishampoteza yule mmoja wa nje haidhoofiki, bali hutulia.

Mama Daudi, nami nimempoteza mmoja. Sijatulia.

Tangu tulipokuzika nyumbani, kule karibu na Ziwa, nilikuwa nikipita shuleni kuzitazama duara hizo kupitia ua. Kaburi lako liko mbali. Zile zilikuwa karibu. Ndipo nikasikia kwamba uwanja utatandazwa matofali ya kabro ili wageni wapate maegesho. Niliandika ombi, kurasa mbili, bila kosa hata moja, nikalipeleka mwenyewe. Mwalimu Mkuu alilisoma lote akiwa amesimama. Alivua miwani. "Mzee, barua yako imenigusa sana. Lakini kazi imeshalipiwa."

Likizo ilipokwisha, nilikuta matofali yamepangwa vizuri, na juu ya kiini chako imeegeshwa pikapu. Nilirudi nyumbani. Nilikaa na viatu miguuni hadi chai ikapoa. Barua zangu zimewapatia watu mashamba na vyeti vya kuzaliwa. Hii ya kwako ndiyo iliyoshindwa.

Wiki iliyofuata alinipigia simu Mwalimu Cherono, binti aliyechukua nafasi yako. "Mzee, hawa wasichana wa Kidato cha Tatu wananisumbua. Wanasema wadogo zao hawawezi kuelewa elektroni kwenye ubao, lazima wasimame wenyewe kwenye duara, kama kwa Mama Daudi. Nyuma ya maabara kuna nyasi. Unajua vile alikuwa anapima?"

Nilijua. Nilifungua kamba ile ile. Bado ilikuwa na vibanio vyako viwili vya nguo. Nilinunua chokaa. Msichana mmoja alijitolea kusimama katikati, nami, kwa mara ya kwanza, nikawa wa kuzunguka. Nilimwambia, "Usisonge." Neno hilo lilitoka na sauti yako ndani yake, nikashindwa kuendelea. Nilisimama pale na ndoo. Yule mtoto hakusonga. Alivuta tu kamba kidogo upande wake ili ikaze, jinsi nami nilivyokuwa nikifanya kwako, nikaanza tena kutembea.

Duara hizi si za rangi, mke wangu. Mvua itazifuta, na huku kwetu unajua mvua. Kwa hiyo naahidi, na ahadi hii siiandiki kama ombi kwa mtu yeyote: kila muhula utakapofunguliwa, nitafika na kamba na chokaa, madamu miguu ingali yangu.

Pumzika, Mwalimu. Ncha yako ya kamba nimeishika.

Mumeo mtiifu,
Baba Daudi