Nani amwamkie nani

Mudi, nimejifungia chooni kwa baba yake Generoza, huku Mabwerebwere. Posa nimeiharibu mwenyewe!

Tulikuwa tunaangalia tamthilia. Jamaa karudi miaka hamsini nyuma, kamkuta babu yake bado kijana mdogo. Baba mtu akaniuliza, eti hapo nani amwamkie mwenzake?

Nikajifanya mtaalamu: "Kinachoangaliwa ni umri, siyo ukoo. Babu ndiye aseme shikamoo."

Akazima tivii. Mudi, akazima!

"Haya, na sisi je? Mimi nina arobaini na nne. Wewe?"

Nina arobaini na saba! Nikisema kweli, mkwe ndiye wa kuniamkia. Nikidanganya, Generoza amekaa palepale na umri wangu anaujua. Nikasingizia tumbo.

Sasa hivi baba mtu kagonga mlango, sauti yake kabisa:

"Shikamoo, mkwe. Unatoka lini?"