Sajenti Alipotoka kwa Fundi Ramadhani

Baba,

Sajenti anakusalimu. Yu mzima, ameoshwa, na hivi ninavyoandika amesimama nje ya dirisha, paka wa jirani amelala juu ya boneti. Naanza na yeye kwa sababu nakujua. Hata ulipolazwa Mulago, kila asubuhi uliuliza kwanza habari za gari, ndipo ukauliza kama tumekula.

Mama hajambo. Amehamia kwenye kiti chako, anasikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya juu kama wewe, na anabishana na mtangazaji. Mimi bado nafundisha darasa la pili. Nikiingia na gari getini watoto wanaimba, "Sajenti! Sajenti!" Nimewaeleza kwamba baba yangu aliendesha magari ya polisi miaka yote akabaki konstebo mpaka kustaafu, ndipo akalivisha gari lake mwenyewe cheo cha sajenti, ili naye apate mkubwa wa kumwamuru. Walicheka sana, Baba. Nikacheka nao, halafu nikageukia ubao nikafuta maneno ambayo hata sikuwa nimemaliza kuyaandika.

Basi nisikilize. Klachi ilikufa. Nilimpeleka Sajenti kwa Fundi Ramadhani, kule Kisenyi, kama ulivyoniusia: gari hili lisiguswe na mtu mwingine. Mzee alinipa chai yenye tangawizi, akanisimulia tena siku mlipolisukuma gari la bosi wako kutoka Bombo huku bosi amelala ndani. Aliteremsha giaboksi, akabadilisha klachi, na siku ya tatu akanikabidhi ufunguo. Nilikanyaga klachi, ikawa laini kama ndizi iliyoiva. Nikamshukuru, nikaondoka ninaimba.

Sikufika hata kwenye mzunguko wa kwanza.

Niliwasha indiketa ya kushoto, waipa zikaanza kurukaruka kwenye kioo. Jua la saa nane, Baba! Nikikanyaga breki, redio inazima. Honi yako ile iliyokuwa ikiwatawanya ng'ombe barabarani ikawa inalia kama mbuzi mwenye mafua. Trafiki mmoja mwanamke alinisimamisha, akatazama mbingu, akanitazama mimi, akauliza, "Madamu, mvua iko wapi?" Alicheka mpaka akaniruhusu niende.

Nikarudi kwa Fundi kesho yake. Akacheka pia. "Binti yangu, klachi na indiketa wapi na wapi? Hiyo ni balbu tu." Akabadilisha balbu, akabadilisha fyuzi. Nikaenda na ugonjwa ule ule, tena sasa asubuhi injini ikawa inawaka kwa shida. Nikarudi mara ya pili, na hapo, Baba, nilifanya jambo ambalo ungeninyamazia siku mbili. Mbele ya mafundi wenzake nilisema, "Mzee, kila nikija hapa naondoka na ugonjwa mpya. Kama kazi imekushinda, sema."

Wale wengine waliacha kugonga. Fundi Ramadhani alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani ya banda lake.

Jumamosi nilikuwa nampeleka Mama kumwona shangazi aliyelazwa Mengo. Kwenye mlima injini ikazima. Nikawasha, ikakataa, nikawasha tena, na moshi ukatoka chini ya boneti. Waya wa akselereta ulikuwa umepata moto hadi ganda lake likayeyuka. Mama alishuka na mkoba wake, akaketi juu ya ukuta wa watu kama malkia aliyechukizwa. "Huyu Sajenti amestaafu," akasema. "Muuze. Mimi siingii tena humo." Fundi wa hapo karibu akaja, akachungulia, akatangaza kwamba nyaya zote za gari zing'olewe ziwekwe mpya. Jirani yetu mnunuzi wa chuma chakavu akapata habari kabla hatujafika nyumbani. Jumapili alipita mara mbili, akalizunguka gari mikono nyuma, kama mtu anayechagua mbuzi wa sikukuu.

Mara ya pili alipopita ndipo nilipoamka. Nilikumbuka nilivyokuwa nakushikia tochi pale kambi ya polisi Naguru, wewe miguu tu ndiyo inaonekana, sauti yako inatoka chini ya gari: "Aber, gari likitoka kwa fundi na ugonjwa mpya, usiende mbali. Tafuta pale mkono wake ulipopita." Mkono wa Fundi ulipita kwenye giaboksi. Mimi nilikuwa natafuta kwenye balbu.

Nikapiga jeki, nikaweka matofali chini kama ulivyonifunza, nikatandika boksi nikaingia. Haikuchukua muda. Ule waya mnene unaounganisha giaboksi na bodi ya gari ulikuwa unaning'inia kama mkia. Bolti yake ilikuwa imerudishwa mahali pake vizuri kabisa, imekazwa, ila waya wenyewe haukuwekwa. Umeme wote wa gari ulikuwa unahangaika kutafuta njia ya kurudi, unapita popote, hata kwenye waya wa akselereta. Nilipiga kelele kwa furaha. Mama akatoka mbio akidhani nimebanwa, mwiko mkononi, sijui alitaka kumpiga nani.

Nikafungua bolti, nikapitisha waya, nikakaza. Nikawasha indiketa. Waipa kimya. Nikapiga honi, jirani wa chuma chakavu akaruka. Mama akaegemea mlango, akasema polepole, "Honi ya baba yako hiyo." Kisha akarudi ndani upesi, akasema mchuzi unaungua. Hatukuwa tumepika mchuzi siku hiyo.

Lakini usiku ule sikuwa na raha. Fundi Ramadhani kusahau waya ule? Mtu aliyewahi kulitambua gari letu kwa mlio tu, limepita nyuma ya ukuta?

Jumatatu baada ya shule nilienda. Nilimkuta pembeni peke yake, anafunga nati ndogo huku uso ameugeuzia upande mwingine, macho wazi, hayatazami kitu. Nikamwita aketi nami ndani ya gari. Nikamweleza taratibu.

"Nilijua kuna kitu nimekiacha," akasema. "Nilikipapasa kwa vidole. Sikukipata."

Macho, Baba. Ukungu. Hakumwambia mtu, kwa maana fundi asiyeona nani atampa gari? Akaniambia, "Siku ile tulipomzika baba yako niliona kaburi kama lipo ndani ya moshi. Nikasema ni machozi. Machozi yakakauka, moshi ukabaki."

Nilimshika mkono. Kisha nilishuka, nikawaita wale wale waliosikia nikimtukana, nikamwomba msamaha mbele yao. Nilipiga magoti kabisa, na gauni la kazi. Akaniinua akisema, "Inuka, inuka, oili hiyo haitoki."

Nilimpeleka hospitali mwenyewe, naye amevaa kanzu nyeupe na manukato kama anaenda kuposa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, unatibika. Wakaanza na jicho la kulia. Kesho yake wakaondoa bandeji, nikamtoa nje hadi Sajenti aliposimama. Akasimama. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Aber, huu mlango wa nyuma ni bluu nyingine!"

"Ndiyo, Mzee. Siku zote."

"Nani mpumbavu aliyeupaka hivi?"

Akakumbuka mwenyewe. Ni yeye, mwaka ule bodaboda ilipotugonga, miezi kadhaa kabla hujaugua. Akaweka kiganja juu ya ule mlango. "Lakini nilimuuliza baba yako, Konstebo. Alizunguka gari lote, akaniambia, imefanana kabisa, Ramadhani, huwezi kujua ulianzia wapi."

Akaanza kucheka. Alicheka akilia kwa jicho lile jipya, nami nikamwambia asilie, daktari amekataza, na mimi mwenyewe nalia. Watu waliokuwa wakipita walitupa pole, wakidhani tumefiwa siku hiyo.

Baba, kumbe habari za macho yake ulizijua kabla yake mwenyewe. Ulitembea mji mzima na gari la rangi mbili, watoto wa kambini wakikutania, na mimi nikikusumbua kila mwezi ulirudishe lipakwe upya, nawe unajibu tu, "Mimi sioni tofauti." Nilidhani uzee. Laiti ungeniambia. La, ulifanya vema. Ningesema, unajua mdomo wangu.

Sasa Fundi amening'ang'ania aupake tena bure, kwa macho yake mapya. Mama amekataa katakata, amesema atakayeugusa mlango huo aanze na yeye. Amesharudi kupanda, tena anakaa nyuma, upande ule ule.

Alhamisi nampeleka Fundi kwa jicho la pili. Nakuahidi nitakuwa pale wakiondoa bandeji, na akizeeka zaidi nitakuwa pale pia. Akiniuliza kazi yake ikoje, Baba, nitazunguka gari lote kwanza, kisha nitamjibu.

Pumzika. Sisi tupo.

Binti yako,
Aber