Nusu Saa Yako Penye Pampu

Atuganile, mke wangu mpendwa,

Uniwie radhi. Misheni walitufundisha kuanza barua kwa salamu na habari za afya, lakini leo nikianza hivyo nitakuwa najificha nyuma ya adabu. Sina ugonjwa. Nina wivu, kwa umri wangu huu, na anayenitia wivu ni Ambakisye, yule fundi mwenye gereji ubavuni mwa kituo cha mafuta pale Kyela mjini.

Tangu tulipokuzika, gari lako jekundu la milango miwili, lile fupi la kukalia kama umelala, lilikaa bandani pamoja na magunia ya kakao. Unajua sikulipenda. Ulipolinunua kwa yule mfanyabiashara wa Karonga nilisema kwamba mke wa mzee wa kanisa hapaswi kuonekana amelala chali barabarani, na kwa miaka yote ile nikakuacha uende nalo mjini peke yako kila Jumamosi. Wiki iliyopita nilijikaza, nikakunja magoti haya mabovu, nikaliendesha kwenda kulijaza petroli.

Halikukubali. Kila baada ya lita moja pampu ilijikata, tak! Nilimwomba binti wa pampu apunguze kasi, ikajikata. Tukahamia pampu ya pili, ikajikata. Ndipo Ambakisye akaja akifuta mikono, akanisalimu vizuri kwa Kinyakyusa kama baba yake, "Mugonile, taata," akageuza mdomo wa pampu ukaangalia juu, akaubonyeza kidogo kidogo kama mtu anayemnywesha mtoto dawa.

"Hili halitaki haraka," alisema. "Mimi na Mama tulikuwa tunasimama hapa nusu saa nzima. Tunacheka mpaka machozi."

Nusu saa, Atuganile. Kila Jumamosi! Nyumbani ulicheka kwa kuziba mdomo na upindo wa kitenge, kwa sababu mimi nilikuomba hivyo tulipooana. Nikamwambia, mbele ya vijana wa bodaboda, kwamba fundi aliyeshindwa kutengeneza tangi miaka yote alikuwa na sababu zake za kushindwa. Kijana mmoja akasema, "Leo mzee kawaka bila petroli!" Wakacheka. Ambakisye aliinamisha kichwa, akaendelea kubonyeza pampu.

Nilirudi nyumbani na nia moja: kuutafuta ubovu mwenyewe na kumwaibisha. Nilimulika mdomo wa tangi kwa tochi, haukuwa umebonyea. Nikakagua kifuniko, kizima. Jana baada ya chai nikatandika mkeka, nikaingia chini ya gari, nikaufuata ule mpira mwembamba ambao tangi hupumulia. Petroli ikiingia, hewa sharti itoke. Isipotoka, petroli hugoma. Mwisho wa mpira nilikuta kijiti kimepigiliwa, kimezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kufungwa kwa fundo ninalolijua. Fundo langu.

Nilikumbuka nikiwa bado nimelala pale chini. Ulikuwa mwaka ule mvua zilipoleta maji hadi mlangoni. Niliogopa yasije yakaingia kwenye tangi la gari fupi vile, nikaziba. Maji yakakauka, tukapanda mpunga upya, nami nikasahau. Sikukuambia kamwe. Kumbe aliyekusimamisha pale ni mimi.

Leo asubuhi nilimpelekea Ambakisye kile kijiti na kumwomba radhi, mbele ya vijana walewale. Nikamuuliza kama hakuwahi kukiona.

"Nilikiona mwaka uleule, taata. Mama alinikataza. Alisema, hicho kaweka mume wangu, atakitoa mwenyewe siku atakayokubali kupanda gari hili nami."

Nikauliza mlikuwa mkicheka nini. Akaona haya. "Tulikuwa tunakucheka wewe, taata. Unavyomwomba radhi kuku kabla ya kumchinja." Halafu akakuiga ukiniiga mimi, na ilikuwa sauti yako kabisa.

Wivu haukuisha. Umekuwa mkali zaidi. Mimi nilikuwa na chakula chako, na nguo zilizopigwa pasi, na ule utulivu nilioudai. Yeye alikuwa nawe ukinipenda kwa sauti. Hakuniibia kitu, alipokea tu nilichokikataa, na hilo ndilo linaloniuma, kwa kuwa siwezi hata kumlaumu.

Ninatamani kuandika kwamba ungeniomba ningepanda. Ningekataa, mke wangu, nawe ulijua.

Ninakuahidi hivi: Jumamosi nitalipeleka gari mjini, ingawa sasa linajaa upesi kama mengine, na nitamwomba Ambakisye anisimulie jingine. Anasema yapo mengi. Nitamsikiliza hadi mwisho bila kumsahihisha, hata kama nitarudi nyumbani nikimchukia upya kwa kukujua vile.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisubiri. Lala salama, na unisamehe.

Mumeo