Pigo la Kushoto, Mkono wa Kulia

Kihesa, Iringa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na baba pia shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima hapo Chimala, na mpunga uwe umeshika vizuri. Mimi napata nafuu. Mwandiko usikushtue, naandika kwa mkono wa kushoto, na ukurasa huu nimeuanza juzi.

Barua yako nimeipata. Unasema baba hasalimiani tena na jirani yetu Mzee Ambakisye. Watu wanauliza, kama ubao ulinipiga kichwani upande wa kushoto, mbona kilichopooza ni mkono na mguu wa kulia? Na kwa kuwa yeye na baba waligombania maji ya mfereji, basi mchawi ni yeye.

Mama, swali hilo hata mimi lilinisumbua. Tulikuwa tunashusha mbao kwenye lori, ubao mmoja ukateleza. Nilipozinduka hospitalini, nikautuma mkono wa kulia unikune shavu. Ukatulia tu, kama wa mtu mwingine. Hata maneno yalikuwa mazito mdomoni. Nilipoweza kusema, nikamwuliza daktari.

Hakunicheka. Akanigusa kisogoni. "Amri ya kusogeza mkono au mguu inatoka kwenye ubongo, inashuka kwa mishipa ya fahamu. Ikifika hapa, mingi inavuka ng'ambo. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu. Mkono wako haujafa. Iliyoumia ni njia ya kuufikia."

Kisha akanikwaruza nyayo kwa mpini wa kijiko. Mguu wa kushoto, kidole gumba kikajikunja chini. Wa kulia, kikainuka chenyewe bila mimi kukituma! Akasema hata mtoto mchanga hufanya hivyo, kwa kuwa njia yake bado haijakomaa. Mjaribuni mtoto mchanga wa dada Neema, mniandikie mlichoona.

Kila siku muuguzi ananinyoosha vidole vya mkono wa kulia. Jana nilikituma kidole cha shahada kama nilivyozoea, bila matumaini. Kikasogea.

"Rudia," akasema muuguzi.

Nikarudia, kikasogea tena. Nililia, Mama, sikuficha. Kama nitashika msumeno tena, daktari hajaahidi.

Nisalimie dada Neema na shemeji, na bibi mwambie nakula vizuri. Salamu zangu kwa Mzee Ambakisye usizipeleke wewe. Mpe baba azipeleke mwenyewe, aingie mpaka ndani, akae.

Ni mimi mwanao,
Lusekelo